Shakwe wa Saa Nane Usiku

Madan Rosemène Estimé aliingia ofisini akiwa amebana redio ya kaseti kwapani, kama mtu aliyetoka sokoni na kuku. Aliiweka juu ya meza ya Inspekta Verdell Pinder, juu ya makaratasi, bila kuomba ruhusa.

Inspekta Pinder alimjua. Faili la mwanawe lilikuwa kwenye rundo la mwaka tisini na nne: Wisnel Estimé, miaka kumi na tisa, aliondoka nyumbani Little Haiti mwezi Februari baada ya kugombana na mama yake juu ya kuacha shule. Hakuonekana tena. Kila mwezi Machi mama huyu, aliyekuwa akifua mashuka ya hospitali, alikuja kuuliza, akajibiwa, akashukuru, akaenda zake. Sasa ulikuwa Juni, mwaka tisini na nane.

"Leo sikuja kuuliza," alisema. "Leo nimekuja usikilize."

Akabonyeza kitufe. Ngoma zilipoanza, Verdell alijikuta akitabasamu kwa kuchoka.

"Mama, wimbo huu naujua. Miami nzima inaujua."

"Ngoja kwanza."

Ulikuwa wimbo wa Skipper Dade, uliokuwa ukipigwa tangu Aprili kwenye kila gari, kila kinyozi, kila duka la kuku wa kukaanga kuanzia Homestead hadi Opa-locka. Skipper alilisifia jiji lake kwa kasi bila kuvuta pumzi: madaraja, fukwe, wasichana wenye miwani, maembe yanayoangukia magari ya matajiri. Katikati ngoma zilinyamaza ghafla. Sauti ya kijana mwingine ikacheka, ikasema maneno machache kwa Kikrioli cha Haiti, na ngoma zikarudi kwa kishindo. Maneno hayo ndiyo yaliyoupa wimbo jina lake. Hata watoto wasiojua Kikrioli waliyapiga kelele barabarani.

Madan Rosemène alizima redio.

"Huyo ni Wisnel."

Verdell aliweka kalamu chini. "Anasema nini hasa?"

"'Jua halizami huku, mama.' Halafu anacheka. Anacheka hivyo tangu hana meno, kama mtu aliyepaliwa na maji."

"Sauti za watu hufanana, Madan Rosemène."

"Inspekta, umezaa watoto wangapi?"

"Sijazaa."

"Basi nisikilize mimi." Hakusema kwa ukali. "Sikia na neno lake. Huku. Mtu aliye mtaa wa pili hakwambii 'huku'. Na mimi naishi Miami, jua la Miami aje kunisimulia mimi? Mwanangu alikuwa mbali alipoyasema hayo."

Verdell aliandika neno moja kwenye daftari: huku.

"Tangu lini umeusikia?"

"Tangu Aprili. Mwanzoni nilikuwa naingia dukani nisinunue kitu, nasimama tu mpaka afike mahali pake aseme. Sasa siwezi. Jirani anampiga kwenye redio nyuma ya ukuta usiku kucha. Msichana kazini anamchezea huku anakunja mashuka. Watu wote wana mwanangu, Inspekta, ila mimi. Niulizie hao wanamuziki wamempata wapi."

*

Kwenye karatasi ya kaseti, kwa maandishi madogo kuliko punje za mtama, palikuwa na jina la fundi aliyerekodi: Odell Crum. Kampuni iliyotoa wimbo ilimpa Verdell anwani kwa simu. Ilikuwa Allapattah, nyuma ya duka la matairi.

Odell alikuwa kijana mnene, mwenye macho ya mtu asiyeona mchana mara kwa mara. Kuta za chumba chake zilibandikwa trei za mayai ili kelele zisitoke. Aliposikia swali, alikuna shingo.

"Aah, hiyo? Hiyo ni ya mshikaji wangu mmoja. Tulirekodi hapa hapa, afande."

"Anaitwa nani?"

"Jean."

"Jean nani?"

"Jean tu. Si unajua Wahaiti, kila wa pili ni Jean."

"Anakaa wapi?"

"Alihama."

"Bila shaka," Verdell alisema. Akavuta kiti akaketi. "Nipigie sauti peke yake. Toa ngoma zote."

"Afande, hiyo ni kazi ya nusu saa..."

"Nina mchana mzima. Sijaacha chungu jikoni."

Kazi ya nusu saa ilichukua dakika mbili. Odell aliteremsha vitufe kimoja baada ya kingine mpaka ngoma zikafa, Skipper Dade akafa, na chumbani akabaki kijana mmoja anacheka. Bila ngoma kicheko kilikuwa kidogo zaidi. Kilikuwa na mikwaruzo, kama kinatoka ndani ya kopo. Na nyuma yake kulikuwa na kitu kingine.

"Rudia."

Odell alirudia.

"Tena. Pandisha."

Sauti kali, nyembamba, nyingi, zikipokezana. Verdell alizaliwa Coconut Grove katika ukoo wa Wabahama, na babu yake alikuwa akisafisha samaki gatini kila asubuhi. Hakuhitaji kuambiwa.

"Jean wako alikuja studio na shakwe?"

Odell alicheka peke yake, akaona mwenzake hacheki, akanyamaza.

"Sawa. Sawa, afande, usinikazie uso. Siyo Jean. Ni mashine ya simu. Ile inayorekodi watu ukiwa haupo. Kuna mzee aliniletea kanda mwaka jana, akasema wewe unajua mambo ya sauti, niambie kijana huyu anaongea lugha gani. Nikamsikilizisha dada mmoja Mhaiti hapo kwenye duka la matairi, akasema ni Kikrioli. Mzee akafurahi, akaenda. Mimi nikabaki na nakala. Kile kicheko, afande! Ungekuwa wewe ungekitupa?"

"Nakala iko wapi?"

Ilikuwa kwenye droo ya chini, ndani ya bahasha. Odell aliipiga yote. Kijana alizungumza kwa dakika nzima, akacheka, akasema maneno yake ya jua, akaaga. Kisha ukasikika mlio, na sauti ya kike ya mashine, isiyo na haraka: "Alhamisi. Saa nane na dakika sita, usiku."

Verdell alinyanyua kichwa. "Saa nane usiku?"

"Hizo saa za mashine ni za uongo siku zote. Ya mama yangu inasema ni Jumapili tangu kile kimbunga. Nani anakaa kuzirekebisha?"

Huenda. Lakini shakwe hawapigi kelele namna ile saa nane usiku, na hakuna mtu anayempigia mama yake kumsifia jua wakati wa giza totoro. Ama saa ilikuwa ya uongo, ama kila kitu kingine.

"Mwenye mashine ni nani?"

"Mzee Lastra. Mcuba mmoja hivi, mpole. Anakaa ng'ambo ya barabara, juu ya duka la dawa. Fundi mstaafu."

"Fundi wa nini?"

"Saa," Odell alisema.

Verdell alikuwa ameshasimama.

*

Evaristo Lastra alifungua mlango kabla Verdell hajabisha mara ya pili. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na tai, saa tano na robo ya asubuhi, siku ya kazi, bila kazi. Chumbani kulikuwa na saa kumi na saba ukutani, zote zikisema saa tano na robo. Kulikuwa na kiti kimoja. Alimpa Verdell kiti hicho, akabaki amesimama kama mhudumu wa hoteli.

"Kahawa, Bibi Inspekta?"

"Asante, hapana."

Alitengeneza hata hivyo. Kikombe kilikuwa kimoja pia; akamwekea yeye. Verdell alikitambua chumba kile. Nyumbani kwake Coconut Grove viti vilikuwa vinne, lakini vitatu vilikuwa vimewekewa magazeti.

Mashine ya simu ilikuwa juu ya kitambaa kilichofumwa kwa mkono. Verdell alilinganisha saa yake ya mkononi na tarakimu nyekundu za saa ya mashine.

"Yako imechelewa sekunde arobaini," mzee alisema kwa upole. "Naweza kukurekebishia."

"Hii haikosei?"

"Nailinganisha na redio kila asubuhi. Umeme ukikatika nairekebisha umeme ukirudi. Haijawahi kukosea."

Kwa hiyo saa nane na dakika sita usiku ilikuwa kweli saa nane na dakika sita usiku. Verdell alifungua faili. Nyuma ya mashine palikuwa na karatasi iliyobandikwa yenye nambari ya simu, kwa mwandiko mdogo wa fundi. Kwenye ukurasa wa kwanza wa faili, mwenzake aliyemtangulia alikuwa amekata nambari ya zamani ya familia ya Estimé kwa mstari mmoja, akaandika mpya juu yake, kwa kuwa mama alihama nyumba Mei ya mwaka ule ule. Chini ya mstari nambari ya zamani bado ilisomeka. Alizilinganisha tarakimu saba, moja moja.

Zilikuwa zile zile.

"Nambari hii ulipewa lini, Bwana Lastra?"

"Novemba, tisini na nne. Nilipohamia hapa. Mke wangu alifariki Agosti."

"Pole."

"Asante. Niliweka mashine nisije nikakosa simu." Alinyoosha kona ya kitambaa iliyokuwa imenyooka tayari. "Hakupiga mtu. Kampuni ya simu ilipiga mara moja. Halafu, Juni iliyofuata, kijana huyu."

"Hukurekodi sauti yako kwenye mashine? 'Hapa ni kwa Lastra'?"

"Ya nini? Inalia tu, unazungumza."

"Kwa hiyo yeye hakuwa na njia ya kujua."

"Hapana."

"Mara ya kwanza ulikuwa wapi?"

"Nimelala."

"Mara ya pili?"

Mzee alionyesha kiti alichokalia Verdell.

"Hukupokea."

"Hapana."

"Alipiga mara ngapi?"

"Thelathini na moja."

Sekunde za saa kumi na saba ziligonga kwa pamoja.

"Ningepokea," Lastra alisema hatimaye, "angesema samahani, nimekosea nambari. Na asingepiga tena. Alikuwa anazungumza, Bibi Inspekta. Anacheka. Siku moja aliimba wimbo mzima wa siku ya kuzaliwa. Nilikuwa narudi kutoka sokoni mbio kuangalia kama taa inawaka."

"Ulijua simu hizo hazikuwa zako."

"Tangu siku ya kwanza."

"Ulijua anamwita nani?"

"'Manman,'" mzee alisema, kwa lafudhi nzuri ya mtu aliyelisikia mara nyingi. "Hilo halihitaji mkalimani."

Verdell alitaka kumpigia kelele. Badala yake alinywa kahawa, kwa kuwa mikono ilitaka kitu cha kushika.

"Kanda ziko wapi?"

Zilikuwa nne, ndani ya kisanduku cha saa cha mbao, kila moja ina tarehe. Ujumbe wa mwisho ulikuwa wa Septemba tisini na sita. Baada ya hapo kijana hakupiga tena, na ndipo Lastra alipoichukua kanda aliyoipenda kuliko zote akavuka nayo barabara.

"Kwa nini hiyo, si ya mwisho?"

"Ya mwisho hacheki."

Verdell aliomba isikilizwe. Kweli hakucheka. Alizungumza polepole, akinyamaza katikati, kama anayesoma alichokiandika. Verdell hakujua Kikrioli, lakini miaka kumi na miwili ya kubisha milango Little Haiti ilikuwa imemfundisha kitu kimoja: kuitambua nambari ya simu inapotajwa. Kijana alianza kuhesabu. Verdell akaandika. Tisa, sifuri, saba. Kisha saba nyingine.

Akanyanyua simu ya mzee, akamwita opereta.

"Tisa sifuri saba ni ya wapi, dada?"

"Alaska, mpenzi. Nikuunganishe?"

"Bado."

Aliiandika kwenye daftari taratibu. Miami ikiwa saa nane usiku, Alaska bado ni saa nne, jana yake. Mwezi Juni, kaskazini ile, saa nne ya usiku jua bado linaonekana dirishani. Shakwe wengi hufuata samaki wengi, na viwanda vya samaki vya huko huchukua vijana kutoka kila pembe kila kiangazi bila kuuliza cheti cha shule. Mtoto wa Little Haiti alisimama kwenye simu ya kiwanda, akaona jambo ambalo hajaliona maishani, akampigia mama yake amwambie. Hakuwa anajigamba. Jua kweli lilikuwa halizami huku. Miami ililichukua neno lake ikadhani inasifiwa yenyewe.

Mkono wa Verdell ulikuwa bado kwenye simu. Aliuondoa. Hiyo haikuwa simu yake ya kupiga.

"Nitachukua mashine na kanda," alisema.

"Naomba niibebe mimi," alisema Lastra. Alikuwa ameshachukua kofia.

*

Madan Rosemène aliwapokea jikoni. Alitazama mashine, akamtazama mzee mwenye tai, akamtazama Verdell.

"Yu hai?"

"Alikuwa hai Septemba tisini na sita. Zaidi ya hapo sijui. Kaa kwanza."

Alisikiliza zote. Ilichukua saa nzima na zaidi, na hakuna aliyesogea. Mara moja alicheka, mkono mdomoni. Mara moja aliitikia kwa sauti, kama kijana angeweza kumsikia. Lastra alisimama kando ya mlango, kofia mikononi, akimwangalia usoni. Alikuwa anayajua maneno yale yote kwa moyo, na sasa kwa mara ya kwanza aliona yalikuwa na maana gani.

Kanda ya mwisho ilipokwisha, Madan Rosemène aliuliza bila kugeuka: "Huyu mzee ni nani?"

Verdell alimweleza. Hakupunguza, hakuongeza.

Mama akamgeukia Lastra.

"Wewe mzee. Ulikuwa unafikiri anasema nini?"

"Sikufikiri, Bibi. Nilisikiliza."

"Basi nikwambie. Hapa anauliza kwa nini sipokei. Hapa anasema amenunua koti, nisiogope baridi yake. Hapa anasema anajua bado nimekasirika na ananipa muda. Muda, ananipa mimi! Hapo alipoimba, siku hiyo natimiza hamsini. Nilikula wali wangu peke yangu kwenye meza hii, simu ile pale haijalia. Na hii ya mwisho, anasema amepata chumba, ameoa, na hatanisumbua tena. Nikitaka, nipige mimi. Miaka miwili anangoja nipige."

"Ndiyo, Bibi."

"Ulikuwa na mwanangu mwaka mzima na miezi. Mimi nilikuwa na faili."

Lastra hakuomba msamaha, labda kwa kuona kwamba ungekuwa mdogo mno kwa kazi hiyo. Verdell alisogeza daftari mbele ya mama, kidole chini ya nambari.

"Huko sasa ni saa nne asubuhi," alisema. "Inawezekana amehama. Inawezekana asipokee."

Madan Rosemène alifuta mikono kwenye gauni ingawa ilikuwa mikavu. Akabonyeza tarakimu, akakosea, akaanza upya. Verdell alimshika Lastra kiwiko, akamtoa nje, akavuta mlango nyuma yao.

Walisimama kwenye ngazi za saruji juani. Ndani palikuwa kimya. Palibaki kimya muda mrefu mpaka Verdell akaanza kupanga atamwambia nini. Ndipo sauti ya mama ikapanda. Haikuwa kilio. Ilikuwa makaripio, ya haraka, ya juu, bila kituo, ya mama ambaye mtoto wake kachelewa kurudi na chakula kimepoa.

"Anasema nini?" Lastra aliuliza.

"Sijui Kikrioli."

Mzee alitega sikio. "Anasimama," alisema. "Umesikia? Anasema, halafu anasimama. Kuna mtu anamjibu."

"Ndiyo."

Alivaa kofia, akairekebisha mara mbili.

"Utanifungulia kesi, Bibi Inspekta?"

"Hakuna sheria ya kutopokea simu."

"Hata kuitwa kituoni? Kutoa maelezo?"

"Nina maelezo yako yote. Sitahitaji kukuita."

Lastra aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyepanga foleni asubuhi nzima na sasa anaambiwa dirisha limefungwa.

"Nikurudishe Allapattah," Verdell alisema. "Gari ni lile pale."

"Hapana, asante. Nitatembea." Alishuka ngazi kwa uangalifu, akafika barabarani, akatazama kushoto na kulia ingawa hapakuwa na gari. Mikono yake, isiyo na mashine tena, haikujua pa kukaa. Mwishowe akaiweka nyuma ya mgongo, akaondoka upande wa kusini, pale palipokuwa na kivuli kidogo. Verdell alimtazama mpaka kona. Kisha akaketi ngazini, akaendelea kungoja nje ya mlango ambao nyuma yake watu wawili walikuwa bado wanagombana.